Gitaa la distoshoni chumbani bila amplifaya: uzoefu wangu na Neural Amp Modeler

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: Neural Amp Modeler, programu ya kompyuta inayoiga amplifaya za gitaa, ni ya bure, na ndiyo iliyonipa mlio wa gitaa la kukwaruza (distoshoni) ambao wenzangu wa bendi wakiusikia hawaulizi kama nimetumia kompyuta. Ila ukiipakua, ukaifungua na kuanza kupiga hivyo hivyo, kuna uwezekano mkubwa utaifuta kabla ya kulala.

Mimi napiga gitaa Dar es Salaam, nimepanga chumba na sebule, na upande wa pili wa ukuta kuna familia yenye mtoto mchanga. Amplifaya ya valvu ya wati 100 hailii inavyotakiwa mpaka uifungulie hasa, na kwa nyumba zetu hizi huko ni kumtafuta mama mwenye nyumba aje na notisi. Studio nilizowahi kurekodi ni hodari sana kwa gitaa safi. Hilo halishangazi, maana wengi tumekulia kwenye dansi na rumba, ambako solo na rithimu vinalia bila ukungu wowote na fundi mitambo anajua pa kuviweka. Ukimwomba distoshoni, anachukua pedali (kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu) anaichomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Kinachotoka hapo ni nyuki kwenye debe.

Sababu yake ni hii. Gitaa likishapita kwenye distoshoni linazaa sauti nyingi za juu, kali, zenye kuchoma sikio. Spika ya gitaa ya inchi 12 haiwezi kuzitoa zote. Ikishavuka kilohezi 5 hivi nguvu yake inaporomoka haraka. Makali yote yale yanafia kwenye karatasi ya spika. Sauti ya roki unayoijua wewe, iliyokaa kwenye rekodi zote unazozipenda, ni ya spika iliyofungwa kwenye kabati la mbao na kuwekewa maiki mbele, mara nyingi Shure SM57, maiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 na mpaka leo haijang'oka studio. Na wala si jambo jipya kwamba spika ina kauli kwenye distoshoni. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, huko London, aliikata karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo kwa wembe ili ikwaruze. Wapo wanaonunua pedali ya tano kabla hawajaiwaza spika hata mara moja.

Sasa programu yenyewe. Neural Amp Modeler, wengi tunaiita NAM, ilianzishwa na Steven Atkinson na msimbo wake uko wazi. Mtu mwenye amplifaya halisi anapitisha humo sauti maalumu ya majaribio, anarekodi inavyotoka, kisha mtandao wa neva bandia unafunzwa kuiga amplifaya ile. Matokeo ni faili lenye kiambishi .nam, yale niliyopakua hayafiki hata megabaiti 1, kwa hiyo bando haliumii. Faili unalipakia kwenye plagini, yaani NAM yenyewe ikiwa kama programu ndogo ndani ya programu yako ya kurekodi. Mimi natumia REAPER, ambayo inakupa siku 60 za majaribio, na leseni ya matumizi binafsi ni dola 60. Mafaili ya amplifaya yamejaa kwenye tovuti ya TONE3000, bure, yamewekwa na watumiaji wenyewe: Marshall JCM800, Mesa/Boogie Dual Rectifier, Peavey 5150, unavyotaka.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mafaili hayo yako ya aina mbili. Mengine ni amplifaya peke yake, mengine ni amplifaya pamoja na kabati na maiki. La kwanza ukilipiga bila kabati, nyuki wale wanarudi. La pili ukiliongezea kabati jingine juu, sauti inafifia na kuziba, maana umeipitisha kwenye spika mbili. Soma maelezo ya aliyepakia kabla hujalaumu programu.

Kabati linakuja kama faili la IR (impulse response), ambalo ni faili la sauti la WAV, fupi sana, inayobeba namna kabati fulani na maiki fulani vinavyoitikia sauti. NAM ina nafasi yake kabisa, chini ya nafasi ya amplifaya. Nilifanya hivi: nikarekodi gitaa kavu, rifu moja (kipande kifupi cha kurudiarudia) ya kuzima nyuzi kwa kiganja, nikairudisha mfululizo huku nikibadilisha kabati tu, amplifaya ile ile. Tofauti iliyopo kati ya IR mbili ilinizidi matarajio. Kubadilisha JCM800 kuwa 5150 kulileta mabadiliko madogo kuliko kusogeza maiki kutoka katikati ya spika kwenda pembeni. Katikati panachoma, pembeni pana unene na giza. IR niliyobaki nayo ni ya kabati la spika nne aina ya Celestion Vintage 30, maiki ikiwa imesogea kidogo kutoka katikati. Nikishaisikia ile "kho, kho" ya kiganja inagonga kifuani badala ya kuparuza meno, naacha kutafuta.

Kwenye geini, yaani kiasi cha kukwaruza, punguza. Ukipiga peke yako chumbani na hedifoni, geini nyingi ni tamu. Ukiingiza ngoma na besi, gitaa linageuka ukungu usio na umbo. Nguvu unayoisikia kwenye rekodi za watu inatokana na gitaa kurekodiwa mara mbili, moja kushoto kabisa, jingine kulia kabisa, kila moja likiwa na geini ya wastani. Na namaanisha kupigwa mara mbili kweli. Ukinakili wimbi lile lile na kulipeleka upande wa pili, masikio yanalisikia kama moja katikati, limeongezeka sauti tu. Ni zile tofauti ndogo za mkono wako ndizo zinazoupanua ukuta wa sauti.

Mbele ya amplifaya naweka pedali ya mtindo wa Tube Screamer, nobu ya distoshoni ikiwa karibu na sifuri na ya sauti ikiwa juu. Kazi yake pale ni kupunguza besi kabla haijaingia kwenye amplifaya; saketi yake inaanza kukata chini ya hezi 720 hivi, na ndiyo maana nyuzi nene zinakaza badala ya kumwagika. Baada ya kabati nakata chini ya hezi 80 au 90. Uzi wa E wa chini kabisa una hezi 82, na huko chini ni makazi ya besi na ngoma kubwa ya kiki, gitaa halina kazi nako.

Kuhusu vifaa: usichomeke gitaa kwenye tundu la maiki la kompyuta. Gitaa linahitaji mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu 1, la sivyo makali yake yanakufa njiani. Saundikadi yoyote (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) yenye swichi ya "Inst", yaani ya ala, inatosha. Ingiza sauti ya wastani, isiguse nyekundu, kwa sababu NAM inaitikia kiasi unachoingiza kama amplifaya halisi inavyoitikia. Saundikadi ya kwanza niliyopewa na duka moja la mjini ilikuwa na tundu lililolegea na duka likagoma kuibadilisha, kwa hiyo jaribuni palepale dukani, ndugu zangu, gitaa likiwa mkononi.

Laptop yangu si mpya. Mafaili ya kiwango cha kawaida yanaibana nikifungua magitaa manne kwa pamoja, ila yapo pia mepesi yanayoitwa lite, feather na nano, na kwenye mchanganyiko wenye ngoma sijaona wa kuyatofautisha. Kwa draiva ya ASIO (ya kupunguza kuchelewa kwa sauti kwenye Windows) na bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa, ya sampuli 128 kwenye kilohezi 48, kuchelewa ni kama milisekunde 2.7 kwa kila upande, ukiacha ya saundikadi yenyewe, vidole havilalamiki.

Kelele za umeme ni suala jingine. Distoshoni inakuza kila kitu, pamoja na mngurumo wa hezi 50 wa umeme wetu. Mngurumo ukiisha pale unapogusa nyuzi, huenda tatizo ni athi au kinga hafifu ya kelele kwenye gitaa. Mimi nachomoa chaja ya laptop wakati wa kurekodi na kuzima feni ya ukutani, jambo ambalo mwezi wa pili Dar linataka moyo. Geti la kelele lililomo ndani ya NAM, linalofunga sauti usipopiga, linasaidia kwenye vituo vya rifu, lakini likikazwa sana linakula mkia wa noti.

Mapungufu yapo. Kila faili ni picha ya amplifaya ikiwa imewekwa nobu zake mahali pamoja; ile treble ya kwenye plagini haifanyi kazi kama treble ya Marshall yenyewe, inakuja baada ya mambo kuisha. Haina mwangwi wala dilei, hivyo vya kutafuta kwingine. Na wingi wa mafaili ya bure ni mtego, unaweza kumaliza jioni nzima ukibadilisha amplifaya bila kurekodi hata baa nne. Anayependa nobu za kuzungusha na kila kitu kikiwa mahali pamoja, kampuni nyingine, Neural DSP, wanaruhusu kujaribu plagini zao kwa siku 14 kabla ya kulipa. Zinapendeza, na bei yake inajulisha kuwa zinapendeza.

Kwa mlio wa rumba au zilipendwa sikushauri uhangaike na haya yote. Kwa roki, metali, au ile solo ya kulia mwishoni mwa wimbo wa Bongo Fleva, anza na IR tatu nne nzuri, amplifaya moja, na nyuzi mpya.