Muvi Zilizorudiwa Zikazishinda za Kwanza: Ipi ya Kununua Ijumaa Hii

Ukienda kununua muvi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, usimtajie muuzaji jina peke yake, mtajie na mwaka. Jina moja laweza kuwa na picha mbili au tatu, na nyingi zilizorudiwa ni hasara tupu. Mimi huchukua ya kurudiwa pale tu ambapo ya kwanza ilikuwa na kisa kizuri kikaharibiwa. Iliyokuwa kamili tangu mwanzo, ya kurudiwa ya nini?

Nambari moja kwangu ni Agneepath ya 2012. Wazee waliokua na picha za Kihindi za sinema za Regal na Majestic watang'aka, maana stelingi wa ile ya 1990 alikuwa Amitabh Bachchan. Ni kweli, na alipata tuzo ya taifa ya India kwa kazi hiyo, lakini picha yenyewe ilianguka sokoni. Sauti aliyoibadilisha, ikawa ya kukwaruza, watu hawakuipenda. Hrithik Roshan hakujaribu kumuiga: Vijay wake, yule stelingi wa kisa, ni mkimya, hasira zote ziko machoni. Halafu yupo Rishi Kapoor, tuliyemzoea kwa nyimbo za mapenzi, humu ni Rauf Lala, mtu katili anayenadi mabinti. Mhusika huyo hakuwemo 1990. Naye Sanjay Dutt ni adui mkuu, Kancha, mwenye upara, hata nyusi hana. Ila wamemtoa Krishnan Iyer, yule muuza madafu wa Mithun Chakraborty, na kwa mtu wa Pwani hilo linauma. Picha ina urefu wa karibu saa tatu, kwa hivyo kahawa iwe tayari.

Ya pili ni Ocean's Eleven ya 2001. Ile ya 1960, ya Frank Sinatra na marafiki zake, wizi wa kasino wenyewe unachelewa mpaka usingizi unakupitia. Ya George Clooney na Brad Pitt haikupi nafasi ya kupepesa, na haina damu. Kwa kutazama na familia, hii ndiyo.

The Fly ya 1986 ni ya tatu, na ingepanda juu kama si kinyaa. Katika ile ya 1958 mtu na nzi wanabadilishana vichwa mara moja. Humu Jeff Goldblum anageuka polepole, kucha zinang'oka, na ile kazi ya vipodozi ikapewa Oscar. Usiitazame ukila.

Scarface ya 1983 nimeiweka mwisho kwa sababu ya matusi. Al Pacino ni moto, lakini usiiweke mama akiwa sebuleni.

Ukinunua kwa flashi, muulize muuzaji faili ni ya aina gani. Ikiwa ni HEVC, namna mpya ya kubana video, TV nyingi za zamani zitatoa sauti bila picha. Na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, hata flashi yenyewe ikiwa tupu, kwa hivyo omba ya 720p, ambayo faili yake huwa ndogo.