Golf, Lubumbashi: hoteli ya kulala na kufanya kazi pamoja

Ile hoteli ndogo ya upande wa Golf, yenye miembe ndani ya uwanja, mi naipa alama nzuri kabisa kwa mtu anayekuja na kompyuta na watoto. Wengi siku hizi ndo tunaishi hivyo, unatoka Kolwezi Alhamisi kwa kazi, familia inakufuata, wikendi inaingia ndani ya kazi na hakuna anayeshangaa tena.

Chumbani kuna meza ya kweli, si kale kameza ka kuwekea funguo, na prizi mbili ziko juu yake, huna haja ya kuinama chini ya kitanda. Jioni kuran, yaani umeme, ya SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, ikakatika, betri zikashika palepale na wifi haikutikisika, grupu (jenereta) waliwasha baadaye. Jamani kwa Lubumbashi hicho ni kitu kikubwa sana.

Ila kilichonigusa zaidi ni saa ya kutoka, ya kuachia chumba. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, mkutano wao wa 10h kwetu ni 11h, na 11h ndo hoteli nyingi zinakugongea mlango. Hapa nikauliza tu, mama wa resepsio akaniambia "papa, maliza kazi yako, utatoka 14h", na hakuongeza faranga hata moja, watoto wanaogelea, mama yao anakula bukari na sombe, mimi niko na Kinshasa kwenye skrini, kila mtu ametulia.

Kule Amsterdam kuna hoteli Zoku, ilifunguliwa 2016, katikati ya chumba ni meza kubwa, kitanda ndo kimepandishwa pembeni. Hapa si lazima wafike huko, lakini wameelewa mgeni wa leo anataka nini.

Wanachotakiwa kurekebisha: Ijumaa muziki wa baa unaanza mapema mno, watu bado wako kwenye simu na wakubwa wao. Halafu asiye na chumba hana bei ya kukaa siku nzima, anunue kinywaji baada ya kinywaji, wakati katikati ya juma terasi iko tupu na vijana wanaoandika programu za kompyuta wamejaa mjini wanatafuta kuran. Waweke bei ya siku, watawapata.

Ukienda omba vyumba vya nyuma, vya mbele vinasikia malori.