Uzoefu wangu: Toyota DX ya zamani kwa kiwanja cha vumbi, Malindi

Watu wananiuliza sana kuhusu ile DX nyeupe tunayoizungusha shambani upande wa Ganda, wengine wanataka kujenga yao, kwa hio wacha niandike yote mara moja. Gari ni Toyota Corolla KE70, ndo hii tunayoiita DX, sedan, injini 4K ya 1290 cc, kabureta, gia tano, inasukuma nyuma. Toyota walianza kuitoa hii shepu 1979, na ile sedan iliyokuja baada yake 1983 ilikua inavuta mbele, kwa hio ukitaka Corolla ya milango minne ya kusukuma nyuma ni hii ama zile za kabla yake, hakuna nyingine. Msimamo wangu nausema mapema: ukiwa na pesa kidogo ipeleke kwa difu (ile boksi ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, inayogawa nguvu kwa magurudumu), taya na filta, injini iache vile ilivyo.

Kabla hujanunua, lala chini na tochi. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula bodi sana, gari imekaa Shella ama Casuarina karibu na bahari inaweza kung'aa juu na chini hakuna kitu. Mi niliangalia sakafu, ile mikono ya chini ya milango, na zaidi pale juu shoki za mbele zinaposhikia bodi, maana hapo ndo gari inapigwa na kila shimo. Rangi usiiangalie kabisa. Yetu ilikua ya mzee mmoja wa Kakuyuni, imekaa bara miaka yote, imekwaruzwa kila mahali lakini chuma kizima, na mimi hio naichukua mbele ya yoyote iliyopigwa rangi jana.

Sasa difu. Hapa ndo pesa yangu nzuri ilipoenda. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwa gurudumu lililo jepesi, kwa hio ukikata kona kwenye vumbi lile la ndani linapunguza uzito linaanza kuzunguka bure linachimba, na la nje lenye uzito limekaa tu, injini inalia gari haiendi. Injini ndogo kama 4K haina nguvu ya kupoteza hivo. Difu za maana za kushika magurudumu yote mawili bei yake sikwambii, kwa hio yetu tulichomelea gia zake za ndani zishikane. Fundi wetu ni mzee wa Maweni, kazi zake nazijua tangu nikiwa mdogo, akanambia "mwanangu, hii nikishaichomelea usiipeleke lami tena." Na ni kweli, kwa lami magurudumu mawili ya nyuma yanalazimika kuzunguka sawa hata kwa kona, yanaruka yanalia na ekseli inajinyonga. Kwa udongo ni sawa maana taya inateleza yenyewe. Gari yetu inalala hukohuko shambani haitoki.

Kazi aliifanya kwa utaratibu nilioupenda. Propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi, ikashuka, ekseli zikavutwa nje, kichwa cha difu kikatoka kizima kwa mbele, na uzuri wa hizi Toyota za zamani ni kwamba kinatoka hivo bila kuvunja nyumba nzima. Akaosha na petroli mpaka hakuna hata tone la oili, akafunika beringi zote na kitambaa kibichi ili cheche zisiingie, kisha akazipasha moto zile gia ndogo za ndani kabla ya kuchomelea. Halafu, na hapa ndo wengi wanaharibu, hakumwagia maji. Aliizika kwenye mchanga mkavu ipoe polepole mpaka siku ya pili, maana hizo gia ni chuma kigumu na ukikipoza ghafla kinapasuka, leo ama mwezi ujao lakini kitapasuka. Sisi yetu mpaka sasa imeshika vizuri mashallah na tunaipiga kweli.

Taya. Watu wanadhani taya pana ndo nzuri, kwa lami sawa, lakini kwa udongo uliolegea juu taya nyembamba inakata inafika chini kwenye udongo mgumu na inashika, pana inaelea. DX inavaa rimu ya 13 na Malindi hii Probox zimejaa, kwa hio taya za 165R13 za mizigo zile za ubavu mgumu unazipata kwa bei ya kuongea, mpya au za mkono wa pili. Taya tu lakini, rimu za Probox hazikubali, nati ni nne kote lakini nafasi zake si sawa, DX ni 114.3 na Probox ni 100, kuna mtu atakwambia atatoboa matundu mengine, mkatalie. Presha mi naweka psi 24 mbele na 20 nyuma kukiwa kukavu. Chini ya hapo unatafuta shida, ukienda upande kwa nguvu taya inaweza kutoka kwa rimu.

Springi na shoki sikufanya mambo mengi. Usiweke zile spesa ndefu za kuinua gari kama Probox za Mpeketoni, maana DX nyuma ina chuma kirefu cha kulaza kinachoshika ekseli na bodi isiende upande, ukiinua sana kinavuta ekseli yote inakaa pembeni, na shoki nazo zinakua zimefika mwisho kabla hata hujaanza. Shoki mpya, bushi mpya zote za nyuma, basi. Stelingi ya boksi ina uchezaji, kuna nati na skrubu juu yake unakaza kidogokidogo, ukizidisha inakua nzito na hairudi yenyewe.

Vumbi ndo adui mkubwa kuliko kitu chochote. Udongo wetu ni mwekundu na wakati wa kaskazi unakua laini kama poda, unapita filta ya karatasi, unaingia kwa silinda unasaga ringi na baadae gari inavuta moshi wa bluu na fundi anakwambia ni uzee. Si uzee ni vumbi. Sisi tulivisha sponji iliyopakwa oili juu ya filta, mdomo wa kuvuta hewa tukaupeleka juu karibu na kioo cha mbele badala ya kule nyuma ya taa, na sponji inaoshwa kila tukimaliza kuendesha, hakuna kusema kesho. Redieta imewekewa wavu wa mbu, majani makavu yasizibe. Na themostati, ile inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, tafadhali msiitoe! Huu mtindo wa mafundi wa pwani wa kuitoa ati gari isichemke unaniuma, injini inafanya kazi baridi muda wote, petroli nyingi, na inaisha haraka. Gari inayochemka ina tatizo lingine, litafuteni.

Chini ya sampu, ile bakuli ya oili ya injini, kuna bamba la chuma la milimita 4, maana matumbawe yako chini ya udongo huu wote, unadhani umeng'oa mawe yote na mvua moja inatoa mengine. Tangi tunaweka petroli nusu au zaidi, ikiwa chini kona ndefu inakata mafuta. Viti vya nyuma, zulia, vyote nje. Keji ya ndani, ile fremu ya kumlinda dereva gari ikipinduka, tumeijenga kwa bomba lisilo na mshono, si bomba la maji, na hapa siwezi kubishana na mtu, la maji likipinduka na gari linafungukia palepale kwenye mshono wake na ndani kuna mtoto wa mtu. Mikanda ya mabega, helmeti, kizima moto, betri imefungwa kwa chuma. Watoto wa kijiji wanapenda kuja kuangalia na tunawapenda, lakini wanakaa upande wa ndani wa mikorosho nyuma ya kamba, na mtu mzima mmoja kazi yake ni hio tu.

Inaendaje? Difu ikiwa imeshikana, pua inataka kwenda moja kwa moja, ukiingia kona na mguu kwa mafuta inakataa kabisa. Unaachia mafuta kabla ya kona uzito uende mbele, unakata, mkia unaanza kutoka, hapo ndo unarudi kwa mafuta na kuyashikilia. Kona ya mwembe, ile kali, nasaidia na hendibreki, tulitoa kile kimeno cha kushikia ili ukiachia iachie, na kwa vile difu imeshikana ukivuta magurudumu yote mawili yanashika pamoja. Farasi wa injini ni wachache kwa hio ukikosea mwendo unapotea hapohapo na unausikia, na kwa kujifunza kuendesha sijaona gari bora. Kijana wa dada yangu alianza hajui hata klachi vizuri, sasa tukipimana mwendo kwa saa ananisumbua.

Kiwanja chenyewe ni kama mita 600, tunamwagia maji ya bauza kona mbili tu, na baada ya kuendesha tunaosha chini ya gari kwa maji matamu maana ya kisima huku yana chumvi. Masika hatuendeshi, udongo unaharibika.

Napa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeitoa kwa breki, za nyuma ni ngoma na zikijaa vumbi zinashika upande mmoja, lazima uzifungue uzisafishe mara kwa mara na inachosha. Spea za 4K bado zipo Mombasa, na siku ikifa kabisa injini ya 5K ya Toyota LiteAce inakaa palepale kwenye giaboksi hiohio. Mwenye kutaka kuona difu iliyochomelewa ilivyo kabla hajaamua aje shambani Jumapili, tutamnyanyulia gari aangalie.