Fleti katika mtaa wa kale kando ya maji: ipi ya kutafuta kwanza, ipi ya kuacha

Mtu akiingia kwenye fleti inayotazama bandari ya zamani, macho huenda dirishani moja kwa moja. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hukupitisha ngazini haraka na kukusimamisha mbele ya kioo. Lakini mnunuzi wa fleti hanunui vyumba peke yake. Ananunua pia fungu lake la msingi, la paa, la lifti, na la fedha zilizowekwa akiba kwa ajili ya kuvitengeneza. Katika mitaa ya kale kando ya maji, fungu hilo ndilo linaloweza kumfilisi mtu, na ndilo kipimo nilichotumia kupanga aina hizi tano, kuanzia ile ambayo ningeinunua mwenyewe.

1. Ghala la zamani lililogeuzwa makazi, ghorofa ya kati, safu ya pili kutoka majini

Maghala ya bandari yalijengwa kubeba magunia, marobota na mapipa. Sakafu zake zina nguvu kuliko mahitaji ya familia yoyote, kuta ni nene, dari ziko juu. Ukikubali safu ya pili utapoteza sehemu ya mandhari, ila jengo la mbele litakukinga na upepo wa chumvi, mawimbi ya dhoruba na kelele za gatini usiku. Ghorofa ya kati nayo iko juu ya mafuriko, na paa likianza kuvuja si wewe wa kwanza kulowa.

Uliza ukarabati ulifanyika lini. Ghala lililokaliwa miaka kumi tangu ligeuzwe nalipenda kuliko lililomalizika mwaka jana, kwa sababu nyufa na mivujo imeshajitokeza na unaweza kuona ilivyoshughulikiwa. Nenda jioni, wakati jirani wa juu yupo nyumbani, maana sakafu za mbao hupitisha kila hatua. Angalia pia vyumba vya katikati: ghala huwa refu kwenda ndani na madirisha yako mbele na nyuma tu.

Kisha ziangalie kuta kwa makini. Mawe na matofali ya zamani mara nyingi yalijengewa chokaa, inayofyonza unyevu na kuuachia tena hewani. Fundi akija kupiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa pa kutokea, na chumvi iliyomo hugeuka fuwele ndani ya jiwe na kulisaga polepole. Dalili zake ni unga mweupe, rangi inayobanduka kuanzia sakafuni, na harufu ya ukungu. Chumba chenye kuta tatu zilizochakaa na mmoja uliopakwa rangi juzi kinastahili maswali.

Lililo gumu zaidi kuliona ni msingi. Mitaa mingi ya namna hii imekaa juu ya ardhi iliyojazwa mahali palipokuwa maji, na majengo yamesimama juu ya nguzo za mbao. Nguzo hizo zikizama majini muda wote hudumu karne nyingi. Maji ya ardhini yakishuka, vichwa vyake hupata hewa na kuanza kuoza. Boston ilisumbuliwa na jambo hili hadi mwaka 1986 kikaundwa chombo maalumu, Boston Groundwater Trust, kupima kina cha maji ya ardhini. Amsterdam nako misingi ya nyumba nyingi za kale imebidi kubadilishwa. Gharama yake ni kubwa mno, kwa hiyo mhandisi wa miundo awe wako, usimchukue wa muuzaji.

2. Jengo jipya lililoinuliwa juu ya usawa wa mafuriko

Mfano mzuri ni HafenCity, mtaa mpya wa bandarini huko Hamburg, Ujerumani, jirani na maghala ya Speicherstadt yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Majengo mapya yamewekwa juu ya ardhi iliyoinuliwa takriban mita 8 juu ya usawa wa bahari, na magari yanakaa chini yake. Hapo unalala usingizi, ingawa haiba ya mtaa unaiona ng'ambo ya barabara badala ya kuishi ndani yake.

Tahadhari ni mbili. Nunua lililokamilika, si michoro. Na usiiamini ada ya huduma ya miaka ya mwanzo, kwani mjenzi ana sababu zote za kuiweka chini mpaka fleti ziishe kuuzwa.

3. Nyumba ya mfanyabiashara wa zamani iliyogawanywa

Kwa uzuri hakuna inayoishinda: ngazi zilizochongwa, milango mizito, baraza juu ya maji. Naiweka ya tatu kwa sababu ya idadi ya wamiliki. Wakiwa wanne au watano, paa jipya linawaelemea wote, na mmoja akigoma kulipa kazi inasimama. Kuna pia masharti ya uhifadhi. Huenda usiruhusiwe kuweka madirisha ya alumini, kubadili rangi ya nje, wala kutundika kiyoyozi upande wa barabara. Dai vibali vya kila kilichobadilishwa na waliokutangulia, kwa sababu katika miji mingi kosa la ujenzi humfuata mmiliki mpya.

4. Ghorofa la zege la miaka ya 1960 hadi 1980, mbele kabisa ya maji

Bei huvutia na mandhari hayana kizuizi. Tatizo liko ndani ya zege. Chumvi hupenya hadi kwenye nondo, nondo hupata kutu, kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Kwa nje unaona ufa mdogo wenye doa la kahawia chini ya roshani, basi.

Champlain Towers South huko Surfside, Florida, lilijengwa mwaka 1981. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilieleza uharibifu wa zege na kizuia-maji kilichochoka chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Wamiliki walijadiliana kwa muda mrefu kuhusu gharama, na mwaka 2021 mchango wa matengenezo uliokuwa ukidaiwa ulifikia takriban dola milioni 15. Jengo liliporomoka usiku wa Juni 24, 2021, kabla kazi hiyo haijaanza, likaua watu 98.

Kwa hiyo omba kumbukumbu za mikutano ya chama cha wamiliki za miaka mitatu hivi, hesabu za mfuko wa akiba, na ripoti ya mwisho ya uhandisi. Zisome mwenyewe, usisubiri muhtasari wa dalali. Neno "kuahirisha" likijirudia kila mkutano, ondoka. Mfuko uliojaa na roshani zilizokwisha kutengenezwa zingenifanya nilipandishe jengo kama hili hadi nafasi ya pili.

5. Ghorofa ya chini inayotazama maji

Siipendekezi kwa bei yoyote. Kwa mujibu wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa mita 0.20 kati ya 1901 na 2018, na kasi imeongezeka hadi milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miongo. Kizuizi cha jiji husaidia, kama milango ya bahari ya Venice iliyoanza kutumika Oktoba 2020, lakini hakizuii unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kama kuna bahari yenye kupwa na kujaa, nenda ukatazame siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, uone maji yanafika wapi.

Hata waliokaa juu huguswa. Kimbunga Sandy kilipopiga New York mwezi Oktoba 2012, majengo ya South Street Seaport, mtaa wa kale wa bandari, na jirani zake yalikaa bila umeme muda mrefu kwa sababu mitambo yake ilikuwa chini ya ardhi na ilizama. Uliza swichi kuu na pampu ziko ghorofa gani.

Na kabla ya kutoa arabuni, pata bei ya bima ya mafuriko kwa maandishi, ya fleti yako na ya jengo zima. Kampuni zikikataa kulikatia jengo bima, benki ya atakayetaka kununua kutoka kwako nayo inaweza kukataa.