Programu tatu za uzito, kijana mmoja wa miaka 13 na dumu la mafuta

Kijana wangu alitimiza miaka 13 Januari mwaka huu, na mwezi huohuo akaacha kwenda mazoezi ya mpira. Sababu hakuisema. Niliipata kwa mdogo wake: jezi ya timu haikumwingia, na wenzake wakampachika jina la Kibonge. Nyumbani sisi tulikuwa tunaona tu amenawiri. Bibi yake, tunayeishi naye hapa Tabata, Dar es Salaam, ndiye msemaji mkuu wa upande huo: "Mume wangu ana afya zake. Mnataka kumkondesha watu waseme nyumba hii ina njaa?"

Mimi nikaingia kwenye simu. Kwa miezi saba tumepitia programu tatu. Majina yake nayaacha, maana shida nilizokutana nazo ni za aina nzima ya programu hizi. Zilitengenezewa mtu mwingine kabisa.

Ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu kalori. Ilipouliza mwaka wa kuzaliwa nikaandika wa kweli, ikagoma: ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Mdogo wangu akanicheka, "Dada, si uweke mwaka wowote tu." Nikaweka 2001, ikafunguka. Siku ile nilijiona mjanja. Kumbe kwa kudanganya mwaka nilikuwa nimemgeuza mtoto wangu mtu mzima. Kilo 60, urefu sentimita 152: ikapiga hesabu yake ya uzito kwa urefu, ikapata 26, ikasema "umezidi kidogo". Kisha ikampa lengo la kalori 1,500 kwa siku ili apungue nusu kilo kila wiki. Kwa mtu mzima 26 ni kuzidi kidogo kweli. Kwa mvulana wa miaka 13, jedwali la Shirika la Afya Duniani linasema ukivuka 24.8 huo tayari ni unene uliopitiliza. Kwa hiyo kwenye namba ilinipunguzia ukubwa wa tatizo, na kwenye sahani ikampunguzia chakula mtoto anayebalehe.

Tuseme hilo ni kosa langu. Tuje kwenye chakula chenyewe. Ugali ulikuwemo. Ukitafuta dagaa unaletewa samaki wa kopo kwenye mchuzi wa nyanya. Maharage ya nazi hayamo, kisamvu hakimo, vitumbua havimo. Chipsi mayai, chakula cha taifa cha vijana wa mji huu, inabidi uiingize vipandevipande: viazi, mayai, mafuta. Nikaenda kwenye banda la chipsi mtaani nikasimama pale kama mkaguzi. Viganja viwili vya chipsi, mayai mawili, sawa. Nikamuuliza, "Kaka, mafuta unatia kiasi gani?" Akacheka huku anageuza, "Dada yangu, mafuta hayapimwi, yanaangaliwa." Nikaandika kijiko kimoja. Nilijua ni uongo.

Na Jumapili sisi tunakula sinia moja, watu sita. Naomba anayejua kuhesabu pilau ya mtu mmoja ndani ya sinia la watu sita anifundishe.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini kuna rangi. Ukiwa chini ya lengo namba inakuwa ya kijani, ukivuka inageuka nyekundu, na simu inalia kukuambia. Wiki ya tano nilifungua begi lake la shule kutafuta daftari la hisabati nilisaini. Chini kabisa nikakuta maandazi manne yamefungwa kwenye gazeti, magumu kama kokoto, na viazi vitamu vya juzi vimeshaanza kutoa utelezi. Nikamwita. Hakubisha. "Mama, nikila asubuhi, jioni inakuwa nyekundu."

Niliifuta jioni ileile mbele yake. Kama kuna mzazi anasoma hapa ana mpango wa kudanganya umri kama nilivyofanya, ajue ule mlango wa miaka 18 hawakuuweka bure. Hesabu ya ndani haijui kwamba mtu huyu bado anarefuka.

Nikatafuta za watoto. Kule Marekani iliwahi kuwepo moja iitwayo Kurbo, ya kampuni inayojulikana kama Weight Watchers. Ilitoka 2019 kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, na vyakula ilivigawa kwa rangi za taa za barabarani. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya serikali ya huko kuishtaki kwa kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya wazazi, ikaamriwa pia izifute. Nilipomaliza kusoma nikaitazama upya ile yangu ilivyokuwa imeniomba: mahali nilipo, namba zote za kwenye simu, picha. Kuhesabu maandazi kunahitaji namba za ukoo wangu wote?

Ya pili ikawa ya kuhesabu hatua tu. Hii ilikuwa ya bure, na hata Kiswahili inacho, Kiswahili cha mashine. Ukifikisha lengo inakuandikia "Hongera, unaungua!" Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini, na kwa siku kadhaa nyumba nzima tulikuwa tunaungua. Usipotembea: "Mnyororo wako umekatika." Bibi akauliza ni mnyororo wa baiskeli au wa dhahabu.

Udhaifu wake ni kwamba inapima simu, haimpimi mtoto. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo kukimbia kwake kote kwa mchana kunapotea, na jioni anaonekana mvivu wa kutupwa. Siku moja nikamkuta kalala kwenye kochi, macho kwenye runinga, mkono mmoja unatikisa simu kama mtu anayechekecha unga. Hatua 3,000 bila kusimama. Sikumgombeza, nilimwambia tu kesho tunakwenda wote. Tangu hapo Jumamosi alfajiri tunakwenda kwa miguu soko la Buguruni, simu kwenye mfuko wangu, na kurudi tunapokezana kikapu. Njiani anaongea mambo ambayo nyumbani haongei. Zile dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku, ambazo ndizo zinazoshauriwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, hatuzifikishi kila siku, sidanganyi. Ila mpira amerudia, kwa jezi aliyoshonewa.

Kabla ya ya tatu tulikwenda kituo cha afya, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Muuguzi akampima urefu na uzito, akaniuliza, "Mama, kadi yake ya kliniki uliiacha lini?" Alipofika miaka 5. Toka hapo hakuna aliyempima tena zaidi ya fundi cherehani. Akanichorea mstari kwenye karatasi akaniambia huyu si lazima apungue hata kilo moja. Akibaki hapohapo na urefu ukaendelea kupanda, urefu utamsaidia. Kisha akauliza habari za soda na za kulala, na simu inalala wapi usiku. Ilikuwa inalala chini ya mto wake.

Programu ya tatu ndiyo ninayobaki nayo, na ndiyo yenye sura mbaya kuliko zote. Haina rangi, haina pongezi. Unaingiza jinsia, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, urefu na uzito, inakuwekea nukta kwenye mistari ileile ya muuguzi, hadi miaka 19. Ni kadi ya kliniki iliyohamia kwenye simu. Iko kwenye simu yangu, siyo yake, na tunapima mara moja kwa mwezi, mlangoni, kwa penseli na futi ya fundi. Haitumii bando na jina haijauliza. Ina ukorofi mmoja: nukta ukiikosea huwezi kuirekebisha, mpaka ufute zote uanze upya. Mwezi wa tano niliandika 165 badala ya 155 na tukapoteza jioni nzima.

Mezani sihesabu tena kalori za mtu. Lakini ile programu ya kwanza iliniachia kitu kimoja kichwani: kijiko cha chakula cha mafuta ni kalori 120 hivi. Siku moja nikiwa na kalamu nikajiuliza, dumu letu la lita 5 linakaa muda gani? Wiki mbili. Nikagawa kwa siku 14, nikagawa kwa watu sita. Mililita 60 kwa kichwa, vijiko vinne, karibu kalori 500 kila siku, bibi na mdogo mtu wakiwemo. Nilirudia hesabu mara tatu. Miezi yote ile nilikuwa nampima mtoto, na sufuria ninalipika mimi.

Sikutangaza chochote. Viazi vitamu vinachemshwa, samaki anawekwa kwenye mkaa, mchicha unapata mafuta ya kijiko badala ya ya kumimina. Soda imebaki ya sherehe. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa, hilo kijana mwenyewe alisoma gramu kwenye chupa akazigawa kwa nne, maana kijiko cha chai cha sukari ni gramu nne hivi. Bibi alinuna wiki moja, akidai mboga zinapikwa kihospitali, kisha akaanza kuomba na yeye ahesabiwe hatua.

Mwezi uliopita: sentimita 156, kilo 60 na nusu. Nukta imeshuka chini ya ule mstari wa unene uliopitiliza, kidogo sana, unene wa penseli. Yeye alitazama akasema "sawa", akaenda zake kucheza.

Kwa atakayeuliza nyota: ya kwanza, moja. Ya hatua, tatu, na moja kati ya hizo ni ya kuchekesha. Ya tatu, nne. Dumu nalo nimeanza kuliandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. La sasa lilifunguliwa tarehe 3. Leo ni tarehe 27, na ndani bado yako mafuta ya vidole vitatu.