Miezi minane na jiko la presha la umeme: uniti ngapi zinaivisha nusu kilo ya maharage?

Jiko ni la lita 6, wati 1,000. Nalitumia Dar es Salaam, na tangu siku ya kwanza limechomekwa kwenye kimita cha plagi kinachohesabu uniti (kilowati-saa), kwa hiyo namba hizi ni za kupimwa.

Kipimo changu ni maharage makavu nusu kilo, bila kuloweka, na maji lita 1.5. Dakika 45 za presha, halafu naliacha lipoe lenyewe bila kufungua valvu. Kimita husoma uniti 0.35 hivi. Yakilowekwa usiku kucha, dakika 25 zinatosha na usomaji unashuka hadi 0.28. Maharage yaleyale kwenye jiko la koili na sufuria ya kawaida yalikula uniti 1.7. Kwenye jiko la mkaa yalimaliza gramu 700.

Kilo ya mkaa ina takriban megajuli 29, sawa na uniti 8, kwa hiyo gramu 700 ni uniti 5.6: mara 16 ya presha. Hapo tanuri la kuchomea mkaa halijahesabiwa. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 1 hadi 2 za mkaa kwa kila kilo 10 za kuni. Nishati nyingi ya mti inaishia porini kama moshi na joto. Umeme nao upimwe kwa haki: hata kama uniti zako zinatoka kwenye mtambo wa gesi unaopoteza theluthi mbili ya nishati ya gesi, 0.35 inakuwa kama uniti 1 ya gesi. Bado haifiki moja ya tano ya mkaa uliochomwa jikoni.

Tofauti hii inatoka kwenye mvuke. Kupasha maji lita 1.5 kutoka nyuzi 25 hadi 115 kunahitaji uniti 0.16 tu. Lakini kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula 0.63, na sufuria inayotokota saa mbili, huku ukiongeza maji kila mara, inafanya kazi hiyo bure. Presha inaubakiza mvuke ndani, na koili hujizima na kuwaka kidogo kidogo. Kwa walio Arusha au Mbeya faida ni kubwa zaidi, maana huko nyanda za juu maji huchemka chini ya nyuzi 96 na maharage kwenye sufuria huchukua muda mrefu.

Mwezi wa tano usomaji ulipanda hadi 0.45 ghafla. Mpira wa mfuniko ulikuwa na utando wa wanga na mvuke ukavuja pembeni. Gramu 150 za mvuke zinatosha kula uniti 0.1. Uvue, uoshe kwa maji ya sabuni, ukauke, urudishe ukae sawa kwenye mfereji wake. Ukilegea au kupasuka, nunua mwingine.

Kabla ya kuingiza sufuria, futa chini yake na sahani ya koili. Punje moja ya mchele ikibaki hapo, joto halipiti vizuri na jiko linajizima kabla chakula hakijaiva. Umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 190 badala ya 230, wati 1,000 zinabaki kama 680: presha inachelewa kupanda, na joto linavuja kwa muda mrefu zaidi. Usitumie ekstensheni nyembamba. Jiko linavuta zaidi ya ampia 4 na plagi dhaifu huyeyuka. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, povu lake huziba valvu.

Kwa kukaanga sioni faida yoyote: mfuniko uko wazi, na sufuria nyembamba ya ndani huunguza vitunguu katikati. Chapati sahau kabisa. Kwa maharage, makande, nyama ngumu na mchuzi wa mifupa, nalipatia nyota tano. Kwa wali, nne, kwa sababu akiba ya umeme hapo ni ndogo.