Bedsita ya Free Area, Nakuru: nyumba ni poa, shida ni fundi anavyoingia

Nimekaa hii bedsita miezi 14, wacha niseme ukweli kabla mtu alipe dipositi. Maji iko, stima ni tokeni yako mwenyewe, matatu za tauni unazipata hapo tu nje. Hayo sina neno.

Shida ilianza na mvua ya Aprili. Silingi ikaanza kuvuja juu ya kitanda, kwanza doa la rangi ya chai, kesho yake matone, nikaweka beseni. Nikamtumia landilodi picha kwa WhatsApp na lazima nimpe haki yake, siku ya pili fundi alikuwa amefika. Nilishukuru sana.

Lakini kazi ikavuta wiki tatu na hakuna hata siku moja niliambiwa wanakuja. Mimi hufanya kazi usiku, nafika nyumbani saa moja asubuhi macho yanauma, siku moja nafungua mlango nakuta fundi amesimama juu ya godoro langu na viatu, keateka ndiye alimfungulia na ufunguo wa akiba, na vumbi ya silingi imeingia mpaka kwa sufuria ya maharagwe. Nilikaa hapo kwa ngazi nikalia.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inambebesha landilodi yote mawili. Paa, kuta kubwa na mitaro mikubwa ya ploti ni yake kutunza, na bora unalipa kodi unafaa kuachwa ukae kwa amani. Sasa huwezi tumia moja kuvunja ingine. Na sisi wapangaji pia tuache ugumu, kuna jirani alikataa kabisa kumfungulia fundi wa bomba, maji ikashukia mama wa chini ikalowesha magodoro ya watoto. Hiyo iliniuma.

Nilimpigia landilodi tukaongea vizuri, tukakubaliana nipate meseji siku moja mbele na kazi ianze saa nane mchana nikiwa nimeamka. Tangu hapo sinki na soketi zimetengenezwa na mimi nikiwa ndani.

Nampa nyota 3 kwa 5. Ukihamia, mambo ya notisi yaandikwe kwa agrimenti, na uulize ufunguo wa akiba unakaa na nani. Wangu siku hizi uko kwa mama wa duka hapo getini, hampi mtu kabla anipigie.